Marehemu Yuko Kiti cha Mbele

Msomaji mpendwa, tulimwacha mwanamke amesimama mbele ya watu mia nane, na wiki nzima hii hakuna aliyemwambia akae. Tumrudie haraka, maana magoti yake yana miaka sabini na tatu.

Kwa aliyekosa gazeti, habari ni fupi. Bwana Itifaki, mkuu wa Ofisi ya Nishani, mtu wa glavu nyeupe na sauti ya kusomea matokeo ya mtihani wa wenzake, alikuwa jukwaani akihakiki majina. Siku yenyewe ni ile ya kutoa Nishani ya Nguzo, ambayo nchi huwapa wananchi wake waliotumika kupita kiasi. Alipofika namba kumi na saba, alisoma hivi: "Marehemu, muuguzi mstaafu wa wadi ya kipindupindu, ajulikanaye kwa taifa zima kama Bibi Kufuli. Nishani itapokewa na mwanawe."

Na kutoka kiti cha mbele, Bibi Kufuli mwenyewe, gauni jipya, viatu vipya, pochi ya mkono chini ya kwapa, akainuka na kuitikia kama alivyofundishwa tangu darasa la kwanza.

"Nipo!"

Hapo ndipo tulipoishia.

Bwana Itifaki aliitazama karatasi, akamtazama Bibi, akairudia karatasi. Uso wake ulionyesha wazi kwamba kati ya hao wawili, anayeaminika ni karatasi.

"Marehemu," alisema polepole, "haitikii."

"Marehemu gani? Bibi Kufuli ni mimi!"

Kicheko kilianzia viti vya nyuma, kikaja mbele safu kwa safu kama maji yaliyomwagika. Bibi Kufuli hakujali. Pembeni yake alikaa mwanawe wa pekee, mtu wa miaka arobaini na tisa, suti ya bluu, anayegombea udiwani baada ya miezi miwili. Mtaani walikuwa wameshaanza kumwita Diwani Mtarajiwa, na yeye alikuwa ameshaanza kuitikia.

"Waambie, mwanangu," alisema mama.

Diwani Mtarajiwa alisimama. Alifunga kifungo cha koti. Alipitisha mkono mabegani mwa mama yake, kwa upole ambao hakuwahi kuuonyesha tangu aanze kuota ndevu.

"Wapendwa, naomba radhi," alisema kwa sauti ya kampeni. "Huyu ni mama yangu mkubwa. Pacha wa marehemu. Tangu tupate msiba, akili yake haijakaa sawa."

Ukumbi mzima ukasema, "Aaaa!"

Kicheko kikageuka huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyouma zaidi. Mjane aliyekaa kiti cha pili alimchomekea leso mkononi.

"Pole, dada. Hata mimi wiki ya kwanza nilikuwa nampakulia chakula mume wangu."

"Sina pacha!" Bibi Kufuli alipiga kelele. "Nilizaliwa peke yangu!"

"Nilisema hivyo hivyo," mjane alijibu, akampigapiga mgongoni.

Wakaja wasichana wawili wa itifaki wenye mikanda ya rangi za taifa. Walimshika mmoja kulia, mmoja kushoto, wakamtoa kwa heshima zote kama kabati linalohamishwa. Watu walimpisha njia. Wengine walivua kofia.

* * *

Ukumbi ule siku za kawaida ni wa michezo ya kuigiza. Chumba cha nyuma kilikuwa cha waigizaji: kioo kirefu chenye taa pembeni, ndevu za bandia zinaning'inia msumarini, kiti cha enzi kilichovunjika mguu mmoja. Mlango ulikuwa mzito, wa zamani, na ufunguo wake wa chuma umekaa kwenye tundu kwa ndani. Dirisha lilikuwa dogo, lenye nondo, linatazama uani, ambako bendi ya polisi ilikuwa inafuta vyombo vyake.

Mezani, juu ya kitambaa chekundu, zilipangwa Nishani ishirini na mbili. Kila moja na kadi yake. Ya kumi na saba ilikuwa na kadi yenye ukingo mweusi.

Bibi Kufuli aliiona, akayaondoa macho.

Bwana Itifaki aliwafukuza wale wasichana, akafunga mlango, akamgeukia. Diwani Mtarajiwa alisimama karibu na zile ndevu, kama mtu anayefikiria kuzivaa akatoweka.

"Haya, mama. Thibitisha."

Bibi Kufuli alifungua pochi, akatoa kitambulisho. Bwana Itifaki alikisogeza kwenye taa.

"Picha ni yako."

"Haya!"

"Na kitambulisho ni cha marehemu. Unatembeaje na kitambulisho cha mtu aliyekufa? Hilo ni kosa."

"Baba, ngoja nikuulize. Ukinifinya hapa mkononi nikasema 'aa', utaandika nani kasema?"

Bwana Itifaki alilifikiria swali hilo kwa uzito wote. "Kanuni hazina kipengele cha kufinya."

Kisha akamgeukia Diwani Mtarajiwa, na sauti ikashuka ngazi mbili.

"Kijana. Kuidanganya Ofisi ya Nishani ni miaka mitatu jela, na mfungwa hagombei udiwani. Una mama wangapi?"

Diwani Mtarajiwa alihesabu kimoyomoyo. Hesabu haikumchukua muda.

"Mmoja."

"Yuko wapi?"

"Ndiye huyo."

Bibi Kufuli alikaa kwenye kiti cha enzi. Kiti kikayumba, naye akayumba nacho. "Asante," alisema, "kwa kunizaa upya."

"Mama, nisikilize! Fomu ziko mbili. Ya kijani ya walio hai inataka shahidi asiye ndugu, aliyeujua utumishi wako wakati ule. Nimezunguka miezi minne natafuta! Wagonjwa wako waliopona wameshakufa kwa uzee, na ambao hawajafa wamehama. Ya zambarau, ya marehemu, inataka sahihi ya mtoto tu. Ningefanyaje? Nilifanya kwa ajili yako!"

"Uliniua kwa ajili yangu."

"Kwenye karatasi tu!"

"Na Nishani ningeivalia wapi? Kwenye karatasi?"

Hapo Diwani Mtarajiwa aliangalia viatu vyake. Bwana Itifaki, ambaye hakuwahi kuacha swali la kanuni likae bila jibu, alimsaidia.

"Nishani ya marehemu huvaliwa na mrithi. Kifua cha kulia. Kwenye mikusanyiko yote ya hadhara."

"Pamoja na ile ya kampeni?" aliuliza Bibi.

"Hasa hiyo."

Sisi tunaomjua Bibi Kufuli tangu toleo la kwanza tunajua alitaka nini, na halikuwa jambo kubwa. Miaka arobaini na moja iliyopita, mwaka wa kipindupindu, aliifunga wadi kwa ndani akiwa na wagonjwa arobaini, akautupa ufunguo nje dirishani ili yeyote atakayeishiwa ujasiri, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza, asipate pa kutokea. Alikaa siku thelathini na moja. Alitoka na wagonjwa kumi na tisa wakitembea. Serikali ilimpa likizo ya siku mbili, kisha ikamsahau. Watu walimpa jina la Kufuli na kumwogopa. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumwambia asante kwa sauti ya kusikika.

Alitaka aambiwe mara moja, akiwa na masikio.

Ndiyo maana upande wa kushoto wa gauni lake, kwa ndani, alikuwa ameshona kipande cha turubai. Aliambiwa Nishani ni nzito, huchana nguo.

"Baba," alisema taratibu, "hakuna njia?"

Bwana Itifaki alitazama saa. Mkuu wa Nchi alikuwa anafika baada ya dakika ishirini na tano. Alitoa kitabu cha kanuni kilichochakaa kona.

"Kanuni ya kumi na nne. Mgogoro wa Uhai." Alikohoa. "Likitokea shaka kama mhusika yu hai au amekufa, mgogoro utaamuliwa kwa sahihi ya Mwana-Nguzo mmoja, yaani mtu mwenye Nishani hii tayari, aliyemjua mhusika wakati wa utumishi wake. Akitia sahihi fomu ya kijani, mhusika yu hai. Akitia sahihi ya zambarau, mhusika ni marehemu. Uamuzi haukatiwi rufaa."

"Na mimi mwenyewe je? Maoni yangu?"

"Mhusika hahusiki."

Alipekua orodha ya wageni, kidole cha glavu kikishuka kama konokono, kisha kikasimama.

"Una bahati, mama. Yupo mmoja tu ukumbini aliyekaa wilaya yako mwaka wa kipindupindu. Mzee Visima."

Diwani Mtarajiwa alirukaruka kwa furaha. Bibi Kufuli hakuruka. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye pochi, ukaibana.

* * *

Mzee Visima aliingia kwa fimbo, Nishani yake ikimning'inia kifuani. Alipewa miaka tisa iliyopita kwa kuchimba visima mia mbili na sita kwa mikono yake na ya waliomfuata. Watoto wa shule humchora kwenye mtihani wa uraia. Ni mzee wa maneno machache, na kila neno lina kokoto ndani.

Alimtazama Bibi Kufuli kwa muda mrefu.

"Sista," alisema.

Hakuna aliyemwita hivyo tangu astaafu.

"Baba Kijiko," alijibu Bibi, na sauti yake ilikuwa kama ya mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Bado unalikumbuka."

"Nalikumbuka."

Bwana Itifaki alipanga fomu mbili mezani, kijani kulia, zambarau kushoto, kalamu katikati. "Mzee, ni jambo la dakika moja. Ukiri tu kama huyu ni yule, na kama yu hai."

"Kwanza nimuulize kitu kimoja," alisema Mzee Visima. Hakukaa. "Sista, siku ya tisa, saa sita mchana, niligonga mlango wa wadi. Niligonga kwa ngumi, nikagonga kwa kiatu, nikaita kwamba ni mimi, Baba Kijiko. Mgongoni nilikuwa na binti yangu wa miaka sita, amekauka kama jani. Tulimwita Kijiko kwa sababu kijiko cha dawa alichopewa siku ya kwanza ya ugonjwa hakukiachia tena, hata usingizini. Ulinisikia?"

Diwani Mtarajiwa alimnong'oneza mama yake, mnong'ono wa jukwaani, unaosikika hadi uani. "Mama, sema hukusikia."

"Nilisikia," alisema Bibi Kufuli.

Uani, tarumbeta ilijaribiwa noti moja, ikanyamaza.

"Lakini, Baba Kijiko..."

"Umeshajibu," alikata Bwana Itifaki. "Ambaye uhai wake una mgogoro hana ruhusa ya kuongeza neno."

"Nilimlaza pale ngazini," Mzee Visima aliendelea, kana kwamba hakuna mwingine chumbani. "Nikakimbia kutafuta mkokoteni, nimpeleke hospitali ya pili. Niliporudi hakuwapo. Yeye wala kijiko. Mgambo wa getini akasema lori la maiti limepita. Hakunitazama usoni alipokuwa anasema."

Bibi Kufuli alifungua mdomo. Bwana Itifaki akainua glavu. Bibi akaufunga.

"Nilikuchukia, Sista. Nilichimba kisima cha kwanza kwa chuki, nikiiona sura yako chini kila nikipiga sururu. Cha kumi hivi, chuki ikaanza kuchoka. Nikajiuliza: angefungua, si ugonjwa ungetoka? Ulikuwa umeapa. Nikasema yule mwanamke hakumfungulia yeyote. Hakumfungulia maskini, hakumfungulia tajiri, asingemfungulia mlango ule hata mtoto wa tumbo lake mwenyewe. Haki ya namna hiyo, hata ikikuulia mtoto, unaivulia kofia."

Na kweli, akavua kofia.

Kisha akaichukua kalamu, akaivuta kwake fomu ya kijani.

Bibi Kufuli aliifuata kalamu kwa macho. Kumbe asante hufika hivi? Inapitia kwa mtu ambaye hukumtegemea, imechelewa miaka arobaini na moja, na bado inakukuta umekaa. Aligusa kile kipande cha turubai kifuani. Kilikuwa mahali pake.

"Sahihi hapo chini," alisema Bwana Itifaki. "Ila, mzee, kuna mstari huu. 'Taja jambo moja lililotokea ndani ya wadi.'"

"Mimi nilikuwa nje."

"Mstari haubaki mtupu. Fomu yenye mstari mtupu ni batili."

"Nilikuwa nje, nimekwambia. Nilikuwa naona mlango tu."

Saa ya ukutani ilisema zimebaki dakika kumi na mbili. Na hapa, msomaji, kama una mtu mwenye presha karibu, mtoe nje. Maana Diwani Mtarajiwa, ambaye kwa nusu saa alikuwa anatafuta namna ya kujisafisha, aliiona nafasi akaiparamia.

"Andikeni!" alisema, kifua mbele. "Mimi nitajaza huo mstari! Ndani nilikuwamo!"

"Nyamaza," alisema mama yake.

"Hapana, Mama, niache nikusaidie! Niliugua nyumbani kwa jirani, wakanileta, Mama akanifungulia. Ule ufunguo aliotupa dirishani ulikuwa mmoja tu. Wa pili alikuwa nao, kaufunga kwenye leso kifuani! Nilikuwa na miaka minane. Tulilazwa wawili kitanda cha dirishani, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule, na Mama anatunywesha maji ya chumvi usiku na mchana. Andikeni hivyo! Hakuna shahidi kama mimi!"

Sauti yake ilianza kupunguza mwendo, lakini mdomo ulikuwa umeshapita kona.

Mzee Visima hakuinua kichwa.

"Alikufungulia siku gani, kijana?"

"Siku..." Diwani Mtarajiwa aligusa kifungo cha koti. "Sikumbuki vizuri."

"Jaribu."

"Ya kumi na mbili."

"Ya tisa niligonga mimi," alisema Mzee Visima. "Ya kumi na mbili ukagonga wewe."

Bibi Kufuli alisimama. "Baba Kijiko, haijaisha. Nisikilize, kuna..."

"Mama!" Bwana Itifaki alipiga meza, Nishani zikaruka. "Nilikwisha kukuonya!"

Mzee Visima alikuwa ameshaandika herufi mbili za sahihi yake kwenye fomu ya kijani. Alizikata kwa mstari mmoja, taratibu, kama mtu anayekata kitovu cha mtoto. Akaisukuma fomu pembeni. Akaivuta ya zambarau.

"Mwanamke niliyemvulia kofia amekufa," alisema. "Nathibitisha."

Akatia sahihi yote, kuanzia herufi ya kwanza hadi nukta.

Bwana Itifaki hakupoteza hata sekunde. Alipuliza muhuri, akaubamiza. MAREHEMU, ilisomeka fomu, kwa wino uliong'aa.

* * *

Kuna mambo mama huona hata akiwa amekufa. Bibi Kufuli aliona mabega ya mwanawe yakishuka. Hayakushuka kwa huzuni. Yalishuka kwa unafuu, kama ya mtu aliyeambiwa mtihani umefutwa.

"Basi, Mama," alisema Diwani Mtarajiwa, "Mungu kapanga. Wewe kaa humu, ujipumzishe. Nitakuja kukuchukua baada ya picha."

"Asitoke kabla Mkuu hajaondoka," aliongeza Bwana Itifaki. "Kwenye ratiba, marehemu hatembei."

Mzee Visima alikuwa amekaa pembeni, kofia mapajani, akitazama ukuta. Alionekana mzee kuliko alivyoingia.

Diwani Mtarajiwa aliichukua Nishani ya kumi na saba. Alijipima nayo mbele ya kioo, kifua cha kulia, akigeuka huku na huku. Alitabasamu tabasamu la bango. Kisha akakunja uso. Pini ilikuwa inavuta kitambaa cha suti.

"Ni nzito kweli hii," alisema. "Itanichania koti." Akageuka. "Mama, huna kipande chochote kigumu cha kuweka kwa nyuma?"

Bibi Kufuli alimtazama mtoto wake. Alimtazama kama alivyomtazama siku ya kumi na mbili, akipima kilichobaki ndani. Kisha mkono wake ukaingia kifuani, ukashika kile kipande cha turubai, ukakinyofoa. Uzi ulikatika kwa sauti ndogo ambayo wote wanne waliisikia.

"Chukua," alisema.

"Asante, Mama."

Hilo ndilo neno alilolingoja miaka arobaini na moja. Likaja kwa ajili ya kitambaa.

"Baba," Bibi Kufuli alimgeukia Bwana Itifaki kwa adabu kubwa. "Kwa hiyo mimi nimekufa rasmi?"

"Rasmi. Muhuri haujakauka, lakini ni rasmi."

"Na maiti hupewa amri?"

Bwana Itifaki alifungua kitabu cha kanuni, akapekua mbele, akapekua nyuma. Alikuwa mtu mwaminifu. "Hapana," alikiri. "Hakuna kanuni inayomwamuru marehemu."

"Wala ya kumnyamazisha?"

"Wala hiyo."

"Vizuri."

Alitembea hadi mlangoni. Walidhani ananyoosha miguu tu. Alizungusha ufunguo mara moja, chuma kikalia. Alizungusha mara ya pili. Akauchomoa. Akapita mbele ya kioo bila kujitazama, akafika dirishani, akauachia katikati ya nondo.

Chini uani kulisikika *ting*. Halafu sauti ya kitu kikiteremka ndani ya bomba refu lililopinda. Halafu mpiga tarumbeta kubwa akauliza, "Nani huyo?"

"Mama!" Diwani Mtarajiwa aliuvamia mlango. Aliuvuta, akausukuma, akaupiga bega. Koti likachanika kwapani. "Mama, umefanya nini?"

"Ninachojua kufanya."

Ukumbini vishindo vya watu mia nane wakisimama vilitikisa kioo. Mkuu wa Nchi alikuwa amefika. Bendi ilianza wimbo wa taifa, na katika kila mstari wa pili tarumbeta kubwa ilikohoa kama mgonjwa wa pumu. Nishani zote ishirini na mbili zilikuwa mezani, ndani, mbele ya macho ya Bwana Itifaki, ambaye alikuwa amekaa sakafuni na glavu zake kichwani.

"Ufunguo wa pili," alinong'ona. "Mama, nakuomba. Uko wapi wa pili?"

"Safari hii upo mmoja tu."

Bibi Kufuli alikivuta kile kiti cha enzi kibovu, akakiweka mbele ya Mzee Visima, akakaa. Magoti yao yalikaribia kugusana. Mzee hakumtazama.

"Safari ile nilikaa siku thelathini na moja," alisema. "Leo nina nafasi zaidi. Sina miadi, nimekufa."

"Sina la kusikia kwako," alisema Mzee Visima.

"Unalo. Niliapa kwamba nikiwa hai sitalisema. Wewe mwenyewe umenifungua kiapo, na sahihi umetia."

Mzee aligeuza shingo, polepole.

Bibi Kufuli alifungua pochi yake ya mkono. Alipekua chini kabisa, chini ya leso ya mjane, chini ya kitambulisho cha marehemu, na vidole vikashika kitu chembamba. Bado hakukitoa.

"Mwanangu kasema kweli, nilimfungulia siku ya kumi na mbili," alisema. "Lakini hajui kuhesabu. Mlango ule niliufungua mara mbili, Baba Kijiko. Na aliyeingia kwanza hakuwa yeye."

Akautoa mkono kwenye pochi. Kiganjani, kimeliwa na kutu, kilikuwa kijiko.